Theluthi ya Mjane

Mtu amekufa, amezikwa, halafu eti anamwazima mkewe kitanda. Verdell Gholson aliisoma sentensi hiyo mara tatu, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena. Maneno yalikuwa yale yale. "Namwazima mke wangu mpendwa Tabitha nyumba ninayoishi, kitanda changu bora na godoro lake la manyoya, farasi mwekundu, na theluthi moja ya watumwa wangu." Chini yake sahihi ya Edmund Hobgood, mwaka 1824.

"Maiti anaazimisha vitu," Verdell akajisemea. "Makubwa haya."

Alikuwa chini kabisa ya jengo la mahakama ya kaunti, huku kusini mwa Virginia, kwenye chumba cha kumbukumbu ambacho madirisha yake yanatazama magurudumu ya magari. Ilikuwa Alhamisi. Saa kumi jioni alitakiwa ampigie simu mzee Womack, mchonga mawe, amwambie majina yamekamilika. Jumamosi ukoo mzima ungekusanyika makaburini kulizindua jiwe la wale waliozikwa bila alama. Majina kumi na moja yalikuwa tayari, la kwanza Isham, babu wa mababu. Juu ya Isham, Womack alikuwa ameacha nafasi ya mstari mmoja, na mstari huo ndio uliomleta Verdell humu ndani.

Mama yake Isham aliitwa Amey. Hilo kila mtu analijua, na hakuna anayelitamka. Ukoo huu ukikutana, baada ya sala na kabla ya kuku wa kukaanga, mkubwa wa wote husimama akayaita majina ya marehemu, na walioketi huitikia, "Yupo." Miaka hii mwitaji ni Mama Ozella, mama yake Verdell, ana miaka tisini na minne na sauti bado ni ya kufukuza mbwa. Huanzia kwa Isham. Ukimuuliza mbona haanzii kwa Amey, atakupa maneno ambayo Isham aliwaachia wanawe: "Mama yangu aliondoka asubuhi ya Mwaka Mpya, mimi nina miaka mitano, na hakugeuka nyuma."

"Simwiti mwanamke aliyemtupa mtoto," alimwambia Verdell Jumapili. "Wala kwenye jiwe langu hakai. Unataka akae? Niletee karatasi inayosema vingine."

Verdell hakubishana. Mama Ozella mwenyewe aliachwa na mama yake akiwa na miaka sita. Mama huyo alipanda treni kwenda Newark kutafuta kazi, na kila Krismasi akatuma koti, na kila koti likaja dogo, kwa kuwa huko Newark mtoto alibaki na miaka sita. Utabishana vipi na mtu wa namna hiyo?

Basi ndiyo hivyo, akaja kutafuta karatasi. Na kazi hii ya kufukua wosia za watu usiidharau. Verdell aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, amebeba watoto wa kila tabia, lakini hakuna aliyemchosha kama Edmund Hobgood, bwana aliyemmiliki Amey. Kwanza walikuwa wawili. Kitabuni mmoja ameandikwa Mkubwa, mwingine Mdogo, na Verdell, kama mtu yeyote mwenye akili zake, akawachukulia ni baba na mwana. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita akamfuata Mdogo kwa kila karatasi, mashamba yake, madai yake, nguruwe zake, mpaka Twyla, mzungu anayetunza chumba hicho, akaja kuchungulia begani.

"Bi Verdell, huyu siye wako," Twyla akasema. "Hawa hawakuwa hata ndugu. Zamani kaunti ikiwa na watu wawili wa jina moja, mzee anaitwa Mkubwa, kijana anaitwa Mdogo, basi. Mzee akifa, kijana anapanda cheo."

"Yaani asubuhi nzima nimehangaika na marehemu wa watu?"

"Wenzako huchukua wiki."

"Na wewe umekaa hapo unaniangalia."

"Nilidhani una sababu zako," Twyla akasema, na akaenda kumletea sanduku la Edmund wa haki.

Humo Verdell alimwona Amey kwa mara ya kwanza. Waliopewa kazi ya kuorodhesha mali ya marehemu walitembea nyumba nzima na kuandika kila walichokikuta, na katikati ya gurudumu la kusokotea uzi na ng'ombe wawili wa maziwa waliandika: "Amey na mtoto wake Isham." Verdell aliweka kidole hapo na hakukitoa kwa muda mrefu. Hasira zilimpanda, halafu zikamshuka akabaki na huzuni tupu. Mkate wake wenye nyama ya nguruwe ya moshi ulikuwa kwenye mkoba, na hamu ya kula haikuwepo tena.

Karatasi iliyofuata ilikuwa ya mgawanyo, tarehe mosi Januari 1826. Watoto wanne wa Edmund wanagawana watu. Jina hili kwa Lucretia, majina yale kwa hawa wengine wawili, na pale chini, "Isham, kwa Drury." Amey hayupo. Verdell akasoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kana kwamba angejificha akiona anatafutwa kwa upande mmoja. Hayupo. Karatasi hii hii ndiyo aliyoiona binamu yao, Shemasi Lucious, miaka ya themanini, akarudi kwenye mkutano wa ukoo akatangaza kwamba Amey alitoroka. Asiyekuwepo na lake halipo. Watu wakaitikia, "Amina," na Mama Ozella akaitikia kuwashinda wote.

Kichwa kilikuwa kimemvurugika Verdell kiasi kwamba hata hakujua anachokasirikia. Amekufa? Mbona hajaandikwa kafa. Ameuzwa? Mbona hakuna mnunuzi. Ametoroka? Mbona hakuna aliyelalamika, na watu hawa walilalamikia hata nguruwe. Akakumbuka basi lake. Mtoto hapotei ndani ya basi. Asipokuwa kwenye kiti, ameshuka kituo fulani, na kazi ya dereva ni kujua kituo kipi.

"Twyla, mwanangu, hebu njoo. Huyu mwendawazimu anamwazima mkewe kitanda. Kuazima maana yake nini kwa mtu aliyekufa?"

Twyla akavuta kiti. "Ndivyo walivyokuwa wakiandika huku kwetu. Anampa mke atumie maisha yake yote, lakini si mali yake. Siku mke akifa, vinarudi kwa watoto wa marehemu."

"Na theluthi ya watu?"

"Vilevile. Mjane alitengewa theluthi yake kwanza. Kilichobaki ndicho watoto waligawana."

Verdell akaitazama karatasi ya mgawanyo. Kilichobaki. Lucious alikuwa amesoma kilichobaki akadhani ndiyo vyote, na ukoo mzima ukamlaani mwanamke kwa miaka arobaini kwa sababu ya nusu ya hesabu.

"Kwa hiyo Amey aliazimwa," akasema polepole. "Alikwenda na mjane."

"Inawezekana. Sijui. Nipe karatasi ya mjane nikuambie."

Karatasi ya mjane haikuwepo. Walipekua herufi H yote na hapakuwa na Tabitha Hobgood aliyekufa, wala mwaka ule wala miaka iliyofuata. Saa nane ikapita, saa tisa ikagonga. Mwanamke mwenye nyumba, farasi mwekundu na theluthi ya watu ameyeyuka kama chumvi. Verdell alitaka kulia, na alijiona mjinga kutaka kulia kwa ajili ya Tabitha.

"Alikuwa na umri gani mumewe alipokufa?" Twyla akauliza.

"Mtoto wa mwisho alikuwa ananyonya."

Wakatazamana. Mjane ambaye bado hajazeeka, mwenye nyumba na shamba, Virginia ya wakati ule? Asingemaliza mwaka bila mtu kufunga farasi mlangoni kwake. Twyla akakimbilia kitabu cha ndoa, na hilo ni jambo la kuona, maana mwanamke yule ana magoti mabovu. Machi 1826, Tabitha Hobgood, mjane, na Josiah Crute. Walikuwa wamemtafuta kwenye H, na yeye muda wote amekaa kwenye C, ametulia kwa mume mwingine.

Sanduku la Crute halikuwa limefunguliwa kwa miaka mingi. Utepe wake ulikatika mkononi. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya ile theluthi. Tarehe ni ile ile, mosi Januari 1826, siku ile ile ya mgawanyo. Watu watano, na wa tatu ni Amey. Basi ndiyo asubuhi yenyewe. Mama alipelekwa upande wa mjane, mtoto wa miaka mitano akabaki upande wa Drury, na aliyebaki akamwona aliyeondoka mgongo. Kama aligeuka nyuma au hakugeuka, nani anajua? Pengine aliambiwa asigeuke.

Verdell akaangalia saa. Kumi kasoro dakika kumi na mbili.

"Inatosha," Twyla akasema. "Hakutoroka. Mpigie mchonga mawe."

"Haitoshi. Humjui mama yangu. Atasema, sawa, alichukuliwa, na baada ya hapo? Miaka yote ile asiulize mtoto yuko wapi?" Akafunua karatasi ya mwisho.

Tabitha alikufa mwanzoni mwa 1841, na vilivyoazimwa vikarudi kwa watoto wa Hobgood. Mwandishi wa karatasi hiyo alikuwa na mkono mbaya, ikabidi wasaidiane neno kwa neno, vichwa vimegusana. Vijana wakagawanywa. Kisha, mwishoni: "Amey, mzee, hana thamani. Kwa hisani ya wote ameachiwa achague kati ya warithi wanne atakayekaa naye. Lucretia, anayeishi karibu, alikuwa tayari kumpokea. Amemchagua Drury, aliye mbali kuliko wote, maili kumi na sita."

"Drury," Verdell akasema. "Twyla, Isham alikuwa kwa Drury. Amekwenda kwa mwanawe. Maili kumi na sita, mwanamke mzee!"

Twyla aliinamia karatasi. Alikuwa anatazama tarehe, na Verdell akaifuata kwa macho. Machi 1841.

Jamaa wote wanaijua tarehe nyingine, imeandikwa kwenye Biblia ya Mama Ozella: Novemba 1840. Drury alimwoza binti yake Keziah, na kama zawadi ya harusi akampa Isham, kijana wa miaka ishirini, wakahamia kaunti nyingine, kule ambako makaburi ya ukoo yapo mpaka leo. Miezi minne. Miaka kumi na tano ya kungoja, kisha miezi minne ikaharibu. Isham alikufa mzee, bado akisimulia habari za mgongo wa mama yake.

Verdell aliinamisha uso mezani. Twyla akamshika bega, na kwa kuwa ni mtu wa kumbukumbu hakuweza kujizuia. "Bi Verdell, lazima niseme. Karatasi haisemi kwa nini alimchagua Drury."

"Najua haisemi."

"Huenda alikuwa na mtu mwingine huko."

"Huenda," Verdell akasema, na hapo akachanganyikiwa upya. Alikuwa amepata karatasi, na karatasi ilikuwa inasema kidogo mno, au mengi mno. Hakujua ni lipi. Akampigia mama yake, akamsomea yote taratibu, pamoja na tarehe, pamoja na lile neno "hana thamani." Hakuficha alichosema Twyla.

Verdell akasikia saa ya ukutani ya jikoni kwa mama yake.

"Waliokuwa wakichagua walikuwa wangapi?" Mama Ozella akauliza.

"Yeye peke yake, Mama. Wa kuchaguliwa ndio wanne."

"Na yule wa karibu alikuwa yu tayari kumpokea?"

"Ndiyo."

"Na Drury ndiye wa mbali kuliko wote."

"Maili kumi na sita. Lakini Mama, haijaandikwa kwamba ni kwa sababu ya Isham. Sitaki nikudanganye."

"Nani amekuuliza kilichoandikwa? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Sauti ya Mama Ozella ilikuwa imeshuka, haikuwa tena ya kufukuza mbwa. "Mwanamke mzee hatembei maili kumi na sita kumfuata mzungu. Alipofika akaambiwa nini, Verdell? Alikaa wapi usiku ule?"

"Sijui, Mama."

"Na mtoto hakujua."

"Hakujua."

"Na sisi tumemkalia miaka yote hii kwa mdomo." Mama Ozella alivuta kamasi, na Verdell, ambaye hajawahi kumsikia mama yake akilia, akaibana simu sikioni. "Mpigie Womack. Mwambie aandike Amey. Na baada ya Amey, aandike neno moja: Alikuja."

Saa kumi na dakika nne Verdell alimpigia mzee Womack. Mzee akaandika, akamsomea alichoandika, kisha akakuna kichwa hadi ikasikika kwenye simu.

"Amey, Alikuja," akasema. "Alikuja wapi? Watu watauliza. Huwa naweka tarehe hapo, au mstari wa Biblia."

"Wakiuliza, mama yangu atawajibu Jumamosi," Verdell akasema. "Wewe chonga hivyo hivyo."