Kisigino cha Rohtla

Kabla ya kila mruko, Endel Rohtla aligonga kisigino cha kulia chini mara mbili, ndipo akimbie. Alikirithi kitendo hicho kwa baba yake, aliyekung'uta matope ya shamba mlangoni kabla mama hajamtimua kwa ufagio.

"We Rohtla, ingia tu, mlango uko wazi," mrusha tufe wa timu ya Kisovieti alimtania hata leo, huku Stockholm, kiangazi cha mwaka hamsini na saba.

Endel akacheka. Halafu akamwona mwanamume wa kofia ya kijivu, safu ya pili, karibu na shimo la mchanga. Yule naye akagonga kisigino kwenye saruji. Mara mbili.

Endel akageuza uso haraka. Alikuwa Harri, kaka yake, aliyeikimbia Estonia kwa mashua wakati wa vita. Na kwenye fomu ya safari, penye swali la ndugu walio nchi za nje, Endel alikuwa ameandika "hakuna", la sivyo asingeruhusiwa kutoka. Safari tano, fomu tano, kwa mwandiko wa kupendeza kabisa.

Gushin, aliyetumwa kutoka Moscow kuwachunga wanamichezo, alikuwa benchini akila tofaa. Mchezo wa miruko mitatu hakuujua wala hakutaka kuujua.

"Yule wa kofia kakuiga," akasema. "Unamfahamu?"

"Labda kiatu kinambana, Komredi Gushin. Viatu vya huku ni vya maonyesho tu."

Gushin akacheka kidogo, akang'ata tofaa.

Ulibaki mruko mmoja. Kule nyumbani Tallinn walibaki mkewe Aino na mtoto wao wa miezi minne. Akigonga, atakuwa amemjibu Harri mbele ya macho ya Gushin. Asipogonga, Harri atajua amekanwa.

Akasimama kwenye alama yake. Kisigino kilimwasha kama kimeingiwa na siafu. Hakukigonga.

Akakimbia. Ubao, mguu uleule, mguu wa pili, mchanga. Mita kumi na tano na sentimita tisini na moja. Maisha yake yote hakuwahi kufika huko. Uwanja mzima ukapiga makofi. Safu ya pili, kiti kimoja kilikuwa kitupu.

Gushin akaja polepole, akamfunika taulo mabegani, kwa upole wa mama mkwe.

"Hongera, Rohtla. Nimesafiri nawe miaka mitatu. Leo ndiyo mara ya kwanza hukugonga." Akatoa daftari mfukoni, akalamba ncha ya penseli. "Hebu nieleze. Kwa nini leo?"