Nyekundu Isiyo ya Yakuti

Torkel aliniambia mbele ya wenzetu wote, kikombe mkononi, kwamba nyekundu yangu si yangu.

"Ile ni yakuti, Ylva. Umetazama yakuti ukaiita fuwele."

Hapa maabarani kwetu Lund, Uswidi, kahawa ya saa nne asubuhi haikosi mtu, kwa hiyo hakuna ambaye hakusikia. Nilikasirika, sifichi.

Kazi yetu ni kubana. Fuwele ndogo kama punje ya chumvi inawekwa ndani ya tone la mafuta, katikati ya ncha mbili za almasi, kisha tunakaza skrubu. Fuwele yangu ni ya kikaboni, laini, na chini ya taa ya urujuani inang'aa manjano. Nilipoibana ikang'aa nyekundu. Lakini kando ya fuwele sote huweka chembe ya yakuti, maana mwanga wake mwekundu ndio unaotupimia shinikizo. Aliyechoka anaweza kuvichanganya. Mimi sikuwa nimechoka.

Kwetu hakuna matokeo yanayotoka bila jicho la pili, na jicho langu la pili lilikuwa Torkel. Asiposema ndiyo, makala yangu inakwenda kapuni.

"Basi yakuti naitoa," nikasema.

"Sasa utajuaje umebana kiasi gani?"

"Sitajua. Nitakaza tu."

"Hizo ndizo almasi za mwisho tulizo nazo, mama. Nyingine mpaka vuli."

"Najua. Wewe njoo na jicho lako."

"Na ukizivunja, keki!" akachomekea Hedda, anayetunza mitambo yetu. Ndiyo desturi ya chumba hiki: mvunja almasi hulisha wote, na hutaniwa mpaka sahani ibaki tupu.

Nikaweka fuwele mpya, peke yake. Kamera ilikuwa kwa fundi, na hadubini yetu ina tundu moja tu la kutazamia. Nikamkalisha Torkel hapo, mimi nikabaki na skrubu, natazama kisogo chake.

"Manjano," akasema.

Nikakaza taratibu, skrubu hii, kisha ile ya upande wa pili.

"Bado manjano. Kama haradali."

Nikakaza.

"Rangi ya chungwa kidogo. Labda ni macho yangu."

"Macho hayohayo yaliyoona yakuti asubuhi?"

Akacheka puani. Nikakaza tena, naye akasogeza jicho karibu zaidi na tundu.

"Ongeza," akasema baadaye, sauti imebadilika.

"Imetosha. Skrubu imeanza kugoma."

"Kidogo tu, Ylva. Nakuomba. Kaza!"

Nikakaza. Tukasikia mlio mdogo, kama kucha inayokatwa. Almasi ilikuwa imepasuka, na shinikizo lote likaachia kwa mpigo mmoja. Nikamsukuma Torkel nikatazama. Vumbi jeusi, hakuna rangi yoyote.

Kitu changu kilikuwa kimeonwa na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ndiye aliyekuwa akinibishia. Angeweza kusema lolote, nami nisingekuwa na la kumjibu.

"Umeona nini?" nikamuuliza.

Akafuta miwani yake kwa pindo la sweta, polepole mno.

"Kesho," akasema. "Kwenye kahawa. Nilikusema mbele ya watu, na hili nalo ni la mbele ya watu."

Akavaa koti akaondoka. Mimi ninayejiamini kuliko wote pale, siku hiyo niliogopa.

Asubuhi nilipitia duka la mikate nikanunua keki, kwa kuwa desturi ni desturi. Kufika nikakuta nyingine iko mezani, imebonyea katikati, imeungua pembeni, na Torkel amesimama nyuma yake.

"Yako rudisha," akaniambia. Kisha akawageukia wenzetu. "Almasi nimevunja mimi. Ylva alitaka kuacha, nikamlazimisha aendelee."

"Ukamlazimishia nini?" Hedda akauliza.

"Kwa sababu ilikuwa nyekundu, na nilitaka kuiona ikizidi."

"Nyekundu ya yakuti?" mtu akachokoza.

"Yakuti haikuwamo," Torkel akasema. "Ni ya kwake."

Akakata kipande cha kwanza, akanipa mimi. Ndani kilikuwa kibichi kabisa. Nilikila chote.