Kiwiko cha Mama Mkwe

Nianze kwa kukiri, maana nikichelewa mke wangu ataisimulia yeye, na akisimulia yeye mimi huwa mjinga kuliko nilivyokuwa. Ni mimi niliyefuta kiwiko cha mama mkwe. Kwa mkono wangu huu huu, saa nne asubuhi, huku nakunywa chai.

Kazi yangu ni kusafisha filamu za zamani kwenye kompyuta, zitolewe upya kwenye diski, watu wazitazame majumbani. Naondoa vumbi, michirizi, nywele iliyonasa kwenye lenzi. Bosi wetu haishii hapo. Anataka na makosa ya watengenezaji wenyewe yaondoke: waya unaoning'inia juu ya kichwa cha mfalme, kivuli cha mpiga picha, mpita njia aliyechungulia. "Mtazamaji wa leo hasamehe," ndio wimbo wake. Mimi sibishani. Napewa orodha, nafuta, narudi nyumbani.

Sasa mama mkwe. Mtaani kwao wanamwita Staa, na ukimwita vingine anachelewa kuitika. Ujanani aliigiza filamu moja, ile ya harusi iliyovunjika. Alikuwa na sehemu yake kabisa, na maneno mawili matatu ya kusema, na gauni alilojishonea mwenyewe. Mwongozaji akaikata. Kilichobaki ni kiwiko, pembeni kushoto, bibi harusi anapoingia. Sekunde mbili tu, ukipepesa macho kimekupita.

Kwa kiwiko hicho ameishi miaka arobaini. Kila mgeni huwekewa mkanda wa filamu hiyo. Kiwiko kikitokea familia nzima hupiga makofi, na yeye huinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea maua.

Nilipokwenda kujitambulisha niliwekewa na mimi. Lakini jamani, mchumba wangu alikuwa amekaa mbele yangu, nitazame viwiko vya nini? Wakapiga makofi, nikapiga. Mwaka uliofuata, vilevile. Miaka minane nimepiga makofi kwa kufuata wenzangu, bila kujua hicho kiwiko chenyewe kiko upande gani. Na kuuliza nikaona aibu. Unaanzaje kuuliza mwaka wa nane?

Mwaka huu mashine ikautafuna ule mkanda, ukatoka vipande vipande. Mama mkwe alikaa siku tatu hasemi na mtu. Basi filamu ile ile ilipoletwa ofisini kwetu, nikajiona mkwe mwenye bahati kuliko wote. Nikamwahidi diski ya kwanza kabisa.

Mjue kwamba sisi mafundi hatutazami filamu. Tunatazama vipande, kimoja kimoja, sauti imezimwa. Kwenye orodha, namba mia mbili na kumi na mbili, bosi alikuwa ameandika: "Kitu kinatikisika pembeni kushoto. Hakihusiki." Nikakikuza mpaka kikawa kama kiazi. Nikakifuta, nikaweka ukuta mahali pake. Tena ukuta mzuri.

Jumapili mchana sebule ikajaa. Mashemeji kwenye makochi, majirani kwenye mkeka, mama mkwe katikati na gauni jipya. Picha ilivyokuwa safi, watu wakaguna kwa raha, na mimi kichwa kikavimba. Siku hiyo nilikuwa nimeapa sitafuata mtu, nitaongoza. Bibi harusi alipotia mguu mlangoni tu, nikapiga makofi kwa nguvu, na mluzi juu.

Peke yangu.

"Wewe unampigia nani?" shemeji akauliza.

Mama mkwe alikuwa ameshainamisha kichwa. Akabaki hivyo hivyo. Kisha akasema, "Hebu rudisha nyuma." Tukarudisha mara tatu. Ukuta. Ukuta. Ukuta.

Mke wangu akanigeukia polepole. "Mume wangu, huko kazini huwa unafuta nini?"

Afadhali mama mkwe angenitukana. Alisema tu, "Basi sikuwepo," akainuka akaenda jikoni. Roho iliniuma, sijawahi kujichukia vile.

Kesho yake asubuhi nikamvaa bosi. "Tukirudishe kile kiwiko."

"Kiwiko gani?"

"Cha mama mkwe wangu."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Lile ni kosa! Watu watasema hatujui kazi."

"Si kosa," nikasema, mimi nisiyebishana. "Ni mtu. Na diski hizo haziendi kiwandani mpaka arudi."

Bosi naye ana mama mkwe. Akajikuna kidevu, halafu macho yakamng'aa. "Basi tumfanyie kubwa zaidi! Lete picha yake ya usichana."

Siku mbili baadaye mama mkwe aliketi kwenye kiti changu ofisini, mkoba mapajani. Bosi mwenyewe ndiye aliyebonyeza. Bibi harusi akaingia, na pembeni yake, mzima mzima, uso na gauni na tabasamu la meno yote, alisimama binti mrembo.

"Huyu nani?" mama mkwe akauliza.

"Ni wewe, mama!"

Akasogea karibu, akamkagua. "Mzuri. Ila mimi siku ile sikucheka, nilikuwa naogopa. Halafu mimi nilikatwa. Miaka arobaini nawaambia watu nilikatwa, leo mnataka nionekane mwongo? Mtoeni huyo binti. Nirudishieni kiwiko changu."

Bosi akamfuta binti. Nikakirudisha mchana ule ule, kwa kuuondoa tu ule ukuta wangu, mama mkwe akinisimamia.

Jumapili tukakusanyika tena, sebule ile ile, mkeka ule ule. Bibi harusi akatia mguu. Makofi yakalipuka. Na mimi, kwa mara ya kwanza sebuleni pale, nikakitazama pembeni kushoto.

Kilikuwa chembamba. Uzi ulikuwa unaning'inia kwenye mkono wa gauni, haujakatwa. Na kilikuwa kinatetemeka, kiwiko cha binti wa miaka kumi na tisa anayesubiri zamu yake ya kusema. Kisha kikatulia, tayari. Hapo hapo picha ikahama.

"Vipi, leo hupigi?" shemeji akanisukuma bega.

Nilikuwa nimesahau. Nikageuka, nikamkuta mama mkwe hatazami filamu, ananitazama mimi.

"Mwacheni," akasema. "Leo amekiona."