Miguu ya Mtu wa Gunia

Ungeingia Meru mjini mwaka ule wa hamsini na nne ukauliza mchoraji yuko wapi, ungeletwa moja kwa moja kwenye bucha ya ami yangu Sulemani, huku kwetu Majengo. Hakukuwa na mwingine. Sisemi hivyo kwa majivuno, ingawa majivuno ninayo.

Ukuta wa bucha nilikuwa nimeujaza mbuzi kwa makaa, kila mbuzi na tabia yake. Kulikuwa na mchoyo, kwato zote nne amezikusanya pamoja kana kwamba kuna kitu amekifunika. Kulikuwa na mlokole, macho juu na mdomo umejaa majani ya jirani. Na kulikuwa na beberu aliyetembea akitanguliza kidevu, ambaye watu waliapa kuwa ni karani wa kodi. Karani mwenyewe alikuja kununua maini, akamtazama yule beberu, akacheka mpaka akaishika meza.

"Ismael, umemmaliza shemeji yangu!" akasema.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu. Mtu hajijui anavyosimama. Uso wake anao kwenye kioo kila asubuhi, anaufundisha kudanganya, lakini miguu yake hana habari nayo. Wachoraji wengine huanza na uso, ndiyo maana watu wao hufanana na sahani. Mimi huanza na nyonga: uzito umelalia mguu gani? Bega lipi limechoka? Nikishapata hayo, uso huja wenyewe kama mbwa aliyesikia harufu ya mfupa.

Mbuzi wangu ndio waliomleta Bwana Shauri. Alikuwa kijana wa Kizungu, shingo nyekundu, aliyesimamia karatasi ya habari ya serikali. Ilipigwa kwa mashine ya kudurufu na kubandikwa, Jumatano na Ijumaa, kila soko, Kianjai, Githongo, mpaka Embu. Alitaka picha ndani yake. Alitaka shujaa. Na shujaa aliyemtaka, Mungu amsamehe, alikuwa Gakunia.

Kwa asiyeiona miaka ile, Gakunia ni hivi: askari huwazunguka watu sokoni, huwapanga mstari, kisha huletwa mtu aliyefunikwa gunia kuanzia kichwani hadi magotini, na matundu mawili ya macho. Mnapita mbele yake mmoja mmoja. Gunia likitikisa kichwa kukubali, basi wewe ni mtu wa msituni, umekula kiapo cha kupigana na serikali, na unachukuliwa. Hakuna anayejua ndani kuna nani. Huenda ni jirani yako. Huenda ni baba mkwe.

"Watu naogopa yeye," Bwana Shauri aliniambia, kwa Kiswahili alichofundishwa na mpishi wake. "Wewe chora yeye iko rafiki. Iko natabasamu."

"Atatabasamu vipi, Bwana, na uso uko ndani ya gunia?"

"Wewe iko fundi ama hapana fundi?"

Mtu anaweza kunitukania kabila, dini, hata mapishi ya shangazi yangu. Lakini neno lile lilinichoma. Nilimwambia anipeleke nikamwone huyo shujaa kwa macho yangu.

Alinipeleka Githongo Jumatatu, siku ya soko. Watu walikuwa wameketishwa chini kwenye vumbi, wengine na vikapu vya viazi mapajani. Gakunia alisimama karibu na meza ya maafisa. Nikaanza na nyonga. Tumbo mbele, mgongo nyuma, kama mtu anayemkagua ng'ombe ambaye hana nia ya kumnunua. Mguu wa kushoto umebeba mwili wote. Ule wa kulia haukutulia hata kidogo: uliinuka, ukajikuna kwenye kigimbi cha mwenzake, ukarudi chini, vidole vimetazama ndani. Na kila alipotaka kutikisa kichwa, kisigino kilitangulia kupanda. Nilifurahi mno. Mtu mzima alikuwa pale, tabia yote, bila pua wala mdomo.

Kisha akapita Kinyua.

Kinyua alikuwa rafiki yangu, karani wa kupima kahawa kwenye kiwanda cha ushirika palepale Githongo, mwenzangu wa drafti kila Jumapili. Kiapo asingekuwa na wakati wa kukila. Wakati wake wote aliumalizia kwenye drafti na kuchana nywele. Alipita akitabasamu, ameshika kofia. Kisigino kikapanda. Gunia likatikisika.

Wakamchukua, tabasamu bado halijamtoka.

Nilimkimbilia Bwana Shauri. Nikamwambia Kinyua namjua, mtu yule hawezi hata kuchinja kuku. Akanisikiliza, namshukuru kwa hilo, kisha akaniambia sheria ilivyo. Jumamosi kuna lori la kwenda Manyani, kwenye kambi ya kizuizini. Kabla ya lori, waliokamatwa hupitishwa tena mbele ya gunia. Mtu wa gunia peke yake ndiye anayeweza kurudisha neno lake.

"Na yeye ni nani, Bwana?"

"Hiyo siri ya serikali."

Siri! Siri yenye miguu miwili nje! Nilirudi mjini na hasira zangu, nikachukua kalamu ya stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia. Watu wa Githongo sikuwajua, lakini wao walijuana, na miguu ile wangeitambua. Nikamchora Gakunia kama nilivyomwona: tumbo lile, vidole vile, mguu ukijikuna. Kwenye matundu ya gunia nikatia macho ya mtu anayesikia harufu ya ugali wa jirani. Na kwa kuwa hakuna aliyenifundisha ushairi isipokuwa mimi mwenyewe, nikaandika chini yake bila kumwomba mtu ruhusa:

*Shujaa wa guniani, ukimwona msalimu,*
*Akija kwetu sokoni, kazi yake ni muhimu.*

Gichovi, Muembu aliyezungusha mashine ya kudurufu, aliitazama stensili kwa muda.

"Wee Ismael. Huyu mtu anapumua."

"Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako itatupeleka Manyani mimi na wewe, tukachore huko mchanga." Lakini tayari alikuwa anazungusha, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Bwana Shauri aliisoma, akaona neno shujaa, akaona neno muhimu, akatia sahihi. Jumatano ikabandikwa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nakata mbavu pale buchani. Akaingia mtu mnene, jasho limemlowesha, koti la kanisani limefungwa vifungo vilivyopishana. Akasimama mbele ya meza. Uzito mguu wa kushoto. Wa kulia ukapanda, ukajikuna. Nikaweka kisu chini kwa adabu.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Karibu, shujaa."

"Usiniite hivyo!" Akageuka kutazama mlango. "Ni wewe unaitwa Ismael? Mimi ni Muthamia. Wewe kijana umeniua. Unajua nimeamkia nini leo? Natoka nyumbani, yule Nelius wa ndizi ananiona kwa barabara, anapiga magoti, ananisalimu. 'Muga, shujaa!' Nafika kinyozi, watu wote wanasimama. 'Muga, shujaa! Kazi yako ni muhimu!' Watoto wa shule wananifuata wakijikuna miguu. Watoto, wewe!"

"Karatasi iliwaambia wasalimu. Wamesalimu."

"Unacheka. Wale wa msituni nao wana macho. Leo watu wananisalimia na kicheko, kesho nitasalimiwa na panga."

Kicheko kikanikauka. Nilikuwa nimemtafuta mtu ili nimshike koo, na mtu mwenyewe amekuja kwa miguu yake, ana watoto nyumbani, anaogopa panga. Lakini Kinyua naye alikuwa nyuma ya seng'enge.

"Mzee Muthamia, Kinyua wa kahawa alikukosea nini?"

Mguu ukajikuna mara mbili.

"Alinirudishia kahawa yangu," akasema mwishowe. "Mbele ya watu wote. Alisema nimechuma mbichi. Alizimwaga kwa gunia akachagua moja moja akiwaonyesha wanawake. 'Ona hii ya kijani. Ona na hii.'"

"Zilikuwa mbichi?"

"Nusu."

"Kwa hiyo kahawa mbichi nusu, na mtu Manyani mzima."

"Nilikasirika! Wewe hujawahi kukasirika?"

Hilo hakupaswa kuniuliza mimi. Jibu lilikuwa limebandikwa kila soko.

Tukaanza mapatano. Yeye alitaka Gakunia mwingine atokee kwenye karatasi ya Ijumaa, mwenye miguu tofauti, ili watu waseme, kumbe si Muthamia. Mimi nilitaka Jumamosi gunia likatae mbele ya Kinyua.

"Kataa kwanza, kisha nitachora," nikasema.

"Jumamosi iko baada ya Ijumaa, kijana. Na mimi sijui kama nitafika Jumamosi."

Alisema kweli. Ilibidi nimwamini mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusaliti. Nikampa mkono.

"Mchore na miguu ya Mwongera," akaninong'oneza. "Yule mwenye duka la sukari. Matege. Watu watamjua mara moja."

Nikauvuta mkono wangu. "Mzee, ukinitajia mtu mwingine tena, nitachora na hilo koti lako."

Basi nikaketi kumchora mtu asiye mtu. Ndugu zangu, hakuna adhabu kama hiyo. Kila mstari niliovuta ulitaka kuwa na mwenyewe. Nikimwinamisha, ni ami Sulemani anayetafuta miwani. Nikimtanua kifua, ni mwalimu wa Kinoru. Nikimpa miguu myembamba, kuna padri atakayepigwa mawe kwa ajili yangu. Nikafuta, nikafuta, mpaka nikapata ninachokitafuta: miguu miwili sawasawa kama nguzo za choo, vidole vinatazama mbele, mabega ya sanduku, na katika matundu ya gunia nukta mbili na mstari wa tabasamu uliochorwa juu ya gunia lenyewe. Hakusimama. Hakutembea. Aliwekwa tu. Tangu nizaliwe sijawahi kutengeneza kitu kibaya namna ile, na chini yake Bwana Shauri alitaka jina langu kwa herufi kubwa, kama kawaida.

Gichovi aliuliza kama nilikuwa naumwa.

Bwana Shauri ndiye aliyenimaliza. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, uso unang'aa.

"Sasa ndiyo! Ile ingine ilikuwa... sijui, kama iko mtu. Hii iko shujaa kabisa. Chora hii kila wiki."

Jumamosi nikasimama nje ya seng'enge ya kambi ya askari pale Githongo pamoja na akina mama waliokuja na uji kwenye vibuyu. Lori lilikuwa limeshawashwa. Kinyua alikuwa katikati ya mstari, nywele hazijachanwa tangu Jumatatu. Gunia lilikuwa mezani pale mbele, na ndani yake, nilijua, mtu aliyeshika maisha ya rafiki yangu na kunishikia ahadi ambayo hakuna mahakama ingeisimamia. Wawili waliotangulia, gunia liliwakubali. Mmoja alianza kulia. Kinyua akafika. Gunia likakaa kimya mpaka afisa akauliza kwa ukali, kisha likageuka upande, likageuka upande wa pili. Hapana.

Afisa akauliza tena. Hapana.

Wakamsukuma nje ya lango kama mzigo uliokosewa anwani. Wale wawili wakapandishwa lori. Mama mmoja karibu nami alikuwa bado ameinua kibuyu chake cha uji, na sikuweza kumtazama.

Jioni ile Kinyua aliketi buchani kwetu akila nyama ya kuchemsha kwa mikono yote miwili. Ami Sulemani alikataa kumwona akiacha hata mfupa. Ile karatasi ya Ijumaa ilikuwa imebandikwa mlangoni, kwa amri. Kinyua akaiona. Akaacha kutafuna. Akainuka, akaenda karibu, akasoma jina, akarudi kwenye picha, akasoma jina tena.

"Ismael," akasema, "nimekaa ndani wiki moja tu. Umeugua mkono?"

Nikaendelea kufuta meza.

"Hiki ni nini? Kabati limevaa gunia? Limetabasamia nje ya nguo!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu walikompiga, akapiga ukelele wa maumivu, akaendelea kucheka. "Na wewe ndiye uliyesema Meru nzima hakuna mwingine! Ami Sulemani, njoo uone!"

Neno moja lingetosha kumnyamazisha. Lilikuwa mdomoni, lina moto. Lakini mlango ulikuwa wazi, na wateja walikuwa wamesimama, na kule Githongo kulikuwa na mtu mnene aliyetimiza ahadi yake.

"Rangi ilikuwa mbaya," nikasema.

"Ni rangi nyeusi, ndugu yangu! Nyeusi itakuwaje mbaya?"

"Cheka," nikamwambia, nikamsogezea sahani. "Lakini tafuna kwanza."