Sindano Isiyo na Uzi

Kifungo cha juu cha shati la shule kilikataa tena kufungika. Fundi alivuta kola huku na huku, akakata uzi kwa meno na kukisogeza kifungo pembeni kidogo, kama alivyokisogeza mwezi uliopita.

"Unanenepa, mama," alimwambia binti yake, kwa fahari ya mzazi anayeona chakula chake kinafanya kazi.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akikunja nguo za wateja, aligeuka. "Ananenepa shingo tu? Mbona miguu ni njiti za kiberiti?"

Walicheka wote watatu. Kisha bibi akanyoosha mkono, akampapasa mjukuu wake chini ya sikio, na kicheko chake kikaisha kabla ya cha wenzake. "Mwanangu, hebu lete mkono wako hapa."

Fundi aligusa. Kulikuwa na vinundu vilivyoshikana, kama shanga zilizoteleza ndani ya bitana. Mtoto hakulalamika hata kidogo. Vidole vya fundi vilijua kutofautisha pamba na nailoni gizani, lakini siku zote hizo vilikuwa vikirekebisha nguo, vikaiacha shingo.

Dawa za kwanza za hospitali hazikupunguza kitu. Daktari, mwanamke mwenye miwani yenye mkono uliofungwa plasta, akasema sasa atachoma sindano, achote kidogo kilichomo ndani akiangalie kwa hadubini.

"Uvimbe ukichokozwa unasambaa," bibi alisema. "Mwacheni mtoto."

"Hausambai, bibi. Sindano yenyewe ni nyembamba mno. Tusipochota, tutabaki kukisia."

"Mimi naogopa neno moja tu," fundi alisema kwa sauti ya chini, asisikiwe na mtoto. Hakulitaja.

"Na mimi ndilo ninalotaka kujua kama limo au halimo."

Mtoto, aliyekwisha kukalishwa kitandani, alikuwa akiichunguza ile sindano kwa jicho la mtu aliyelelewa chini ya cherehani. "Uzi wake uko wapi?"

"Yangu haishoni. Inachota tu."

"Basi itaacha tundu."

"Dogo. Litajiziba lenyewe."

"Mbona nguo haijizibi?"

"Nguo ingejiziba, mama yako angekula nini?"

Mtoto alicheka. Lakini mkono wenye glavu ulipomgusa shingoni alijikunyata, akajipinda, akateleza kuelekea ukingo wa kitanda. Daktari alirudi nyuma. "Itabidi tumshike."

"Nipe nafasi kidogo, daktari."

Fundi alivua futi ya kupimia iliyokuwa ikining'inia mabegani mwake. Alikuwa ametoka nayo nyumbani bila kujua. "Tunapima," alisema, akaizungusha mabegani mwa binti yake.

Nyumbani kwao neno hilo lilikuwa amri. Mama akisema tunapima, na pini zikiwa midomoni mwake, hakuna kutikisika wala kucheka, kwa sababu anayetikisika huchomwa, na anayetulia huchagua kipande cha kitambaa cha mwanasesere wake. Mtoto alinyanyua kidevu, akakauka kama sanamu ya dukani. Fundi alibana midomo kana kwamba pini zimo. Sindano iliingia, ikacheza kidogo ndani, ikatoka.

"Tayari," daktari alisema.

"Mama hajasema," mtoto alijibu bila kufungua meno.

"Shusha mabega," fundi alisema, akaikunja futi.

Wiki iliyofuata waliitwa. Fundi alikaa huku ameishika futi kwa mikono miwili.

"Si saratani," daktari alisema kabla ya salamu. "Ni kifua kikuu cha tezi."

"Lakini hakohoi."

"Hakimo kifuani, kimo shingoni. Ndiyo maana hakohoi, wala hatawaambukiza wenzake darasani. Ninyi wa nyumbani tutawapima pia. Yeye atameza vidonge kila siku kwa miezi sita, bila kuruka hata siku moja."

"Kinapona?" bibi aliuliza.

"Kinapona, bibi."

"Hebu sema tena."

"Kinapona."

Bibi aliliweka sawa begani shuka lake. "Mimi nilijua tu sindano itasaidia."

Fundi alimtazama daktari, daktari akavua miwani na kuifuta, na wote wawili wakaogopa kucheka.

Jioni ile cherehani ilikuwa kimya, shati la shule likiwa mapajani mwa fundi. Kwa mara nyingine alikitoa kifungo kwenye kola. Alikishikiza kwa uzi mmoja mrefu, mlegevu, bila kuupiga fundo.

"Huo utakatika," bibi alimwambia.

"Sitaki ushike sana. Shingo ikipungua nitakitoa tena."

Mtoto alimeza vidonge vyake, akaja kusimama mbele ya mama yake, kidevu juu, mabega yamekakamaa. Fundi alimvisha shati na kufunga kola taratibu. Pembeni ya kifungo, mwanga wa taa ulipenya kwenye vitundu vya sindano vya zamani, vidogo sana, vikirudi kimoja kimoja hadi pale kifungo kilipoanzia.