Santuri ya Banda la Mbwa

Mume wangu Saud ni mtu wa kuwaambia watoto wapunguze sauti ya televisheni hata ikiwa imezimwa. Ni mhandisi wa maji serikalini, kanzu yake haijui kunyanzi, na akisema maneno kumi kwa siku basi siku hiyo amepayuka. Kwa hiyo ule mwaka wa 2008, niliporudi na bahasha kubwa ya mraba kutoka sanduku letu la posta Ruwi, hapa Muscat, nikaifungua (naam, niliifungua, ya mume na mke ni mamoja), nikamkuta humo mume wangu ana nywele za mabegani, shati limetoboka kiwiko na gitaa limemning'inia kiunoni, ilibidi nikae chini kwanza.

Ilikuwa sahani ya santuri, na picha yake juu ya jalada. Mpya, nyeusi, inang'aa, ya zile nilizodhani zimeshakufa na wenyewe. Barua iliyokuja nayo ilieleza kwamba albamu ya kwanza ya kundi lao imetimiza miaka kumi na mitano, na kampuni imeona bora iitoe upya kwa santuri kwa sababu mashabiki hawajaisahau. Mashabiki! Saud ana mashabiki, na mimi miaka kumi na miwili ninamtafutia soksi zake.

Aliporudi kazini nilimwekea lile jalada pembeni ya wali wake.

"Baba Aseel, huyu nani?"

Akalitazama. "Mimi," akasema.

Nikamkamua kidogo kidogo, kama ndimu kavu. Ilikuwa alipokuwa akisoma Marekani, katika mji wa mvua, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wanafunzi wanne wa nyumba moja walianzisha kundi la muziki wa grunge, ambao kwa alivyonieleza ni muziki wa watu wenye huzuni na magitaa mabovu. Yeye alipiga gitaa la besi. Kundi lilikuwa na jina la Kiingereza ambalo maana yake ni Banda la Mbwa.

"La mbwa, Saud?"

"Hakukuwa na mbwa."

Walirekodi albamu moja tu, mwaka 1993. Mwaka uliofuata alichukua shahada yake, akanyoa nywele, akarudi Muscat, na hakumwambia mtu.

Ningeliacha lipite, maana hasira zangu ni za moto wa karatasi. Lakini nyuma ya jalada, chini kabisa, palikuwa na shukrani, na ndani ya shukrani lilikuwamo jina la Bi Wadha wa Muscat, ameshukuriwa kwa sauti yake. Bi Wadha ni mama mkwe wangu.

Hapa lazima nieleze jambo. Mimi na Bi Wadha tunapendana hasa, watu hutuonea wivu. Na katika kila harusi tunayokwenda, yeye hunishika mkono mbele ya wanawake akasema, "Huyu nlimchagua mie, kwa macho yangu haya. Mwanangu alikuwa hana habari, nlimwambia njoo uoe, akaja akaoa." Wanawake hucheka, nami hucheka nao. Kisha nikifika nyumbani najiuliza swali lile lile: je, huyu bwana aliwahi kunitaka, au nililetwa tu kama kabati, akaona si baya, akaliacha lilipowekwa? Mwaka wa pili wa ndoa nilimuuliza waziwazi: ungeachiwa uchague mwenyewe, ungenichagua mimi? Akajibu, "Alhamdulillahi." Hilo si jibu, hicho ni kikohozi. Sikuuliza tena, lakini halikunitoka.

"Sauti ya mama imefikaje huku?" nikamuuliza.

"Zile kaseti," akasema.

Zamani simu ilikuwa ghali, na familia nyingi kama zetu, zilizotoka Unguja, ziliandikiana kwa kaseti. Unakaa mbele ya redio, unabonyeza kitufe chekundu, unasema yako yote mpaka utepe uishe, unampa msafiri. Kaseti moja ya Bi Wadha ilikuwa mfukoni mwa koti la Saud siku ya kurekodi. Wenzake wakaicheza, wakaipenda ile sauti, wakaitia katika wimbo wa mwisho.

"Alisema nini humo?"

"Salamu."

"Na wenzako uliwaambia anasema nini?"

"Niliwaambia ananitakia heri ya mitihani." Akalisukuma jalada. "Liweke kabatini, Masouda. Hata mashine ya kuchezea hatuna."

Saud huniita Mama Aseel. Masouda huniita akiwa na hofu. Na mimi nilikuwa nimeshampigia simu Bi Wadha.

Kumbe nilikuwa nimetia moto pamba. Bi Wadha, mkaazi wa Sidab, mwenye umri wa miaka sabini, alipata habari kwamba yumo katika santuri, tena ya Marekani. Kufika jioni Sidab nzima inajua. Alichokisema kwenye kaseti hakukikumbuka hata herufi, lakini alikuwa na yakini kilikuwa kizuri. Na mashine ipo: mjomba wangu Harub, wa Matrah, ana gramafoni na sahani zake za taarab, huzifuta vumbi kila wiki kwa kitambaa cha hariri.

Ijumaa baada ya sala tukaenda. Meli ya watalii ilikuwa imeingia bandarini, kornishi, ile barabara ya ufukweni, yote imejaa, tukaliacha gari mbali na kutembea. Saud alitembea nyuma yetu. Njiani alijaribu kusema sindano ya Mjomba Harub ni kongwe, itaikwaruza sahani.

"Sindano mpya!" akasema Mjomba Harub mlangoni. "Nimeinunua Dubai mwezi uliopita. Ingieni."

Ndani tukamkuta mama yangu, Bi Muhsina, ambaye Mjomba alimwalika kwa furaha tu, bila kumuuliza mtu. Saud alipomuona akaomba maji.

Bi Wadha alikaa katikati ya zulia, amejitia udi na uturi kama bibi harusi. Mjomba Harub akaiweka sahani upande wa pili, kwenye wimbo wa mwisho. Zikaanza kelele. Zilikuwa kama watu wanaohamisha makabati ngazini huku wanagombana.

"Huyo anaumwa?" akauliza mama yangu.

"Ndiyo mtindo wao," akasema Saud kwa sauti ndogo.

Mara kelele zikakatika. Chumba kikajaa sauti ya Bi Wadha, iliyo changa kwa miaka kumi na mitano.

"Assalaam aleikum mwanangu Saud. Sie wazima. Sasa hili la mtoto wa Muhsina. Hii barua ya tatu unnambia Masouda, Masouda. Nshakwambia, sitaki! Umemuona mara moja tu, harusini kwa Ghassan, anagawa halua, ndo akili ishakupotea? Mtoto yule sauti yake inasikika mpaka bandarini. Na mama yake anavojiona! Biriani lao lenyewe, nyama uitafute kwa tochi. Khalas, nisilisikie tena. Soma, mke ntakutafutia mie."

Hapo gitaa likarudi, na juu yake sauti nyingine, ya kijana, ya Kiunguja safi, inapiga kelele kwa nguvu zote za mapafu yake: "Simtaki mwengine!" Na wale vijana watatu wa Kimarekani wakaidaka, kila mmoja kwa matamshi yake, wakairudia na kuirudia, simtaki mwengine, simtaki mwengine, mpaka sahani ikaisha.

Mjomba Harub akainua mkono wa gramafoni kwa adabu kubwa.

"Kwa tochi, Wadha?" akasema mama yangu.

"Muhsina, wallahi, mwaka ule nyama ilikuwa kidogo," akasema Bi Wadha. Uso wake umemshuka, kauficha nusu kwa leso. Kisha akanigeukia mimi, na sijawahi kumuona mdogo hivyo. "Mwanangu, nnakiri. Miaka mitatu mizima kanng'ang'ania. Nikasema basi, nende nikamuone huyo mtoto mwenyewe. Nlikuja kwenu nitafute ila, ukanchekesha mpaka nkasahau nilichokuja kutafuta. Aibu ikanshika kusema nlikukataa, nkasema nlikuchagua."

Sikuwa na hasira naye hata chembe, na hilo lilinishangaza mimi kwanza. Nilikuwa ninamtazama Saud. Alikuwa amekodolea macho maua ya zulia, masikio yamewiva.

"Kumi na miwili, Saud," nikasema. "Miaka kumi na miwili nakuona unaingia na kutoka, nadhani umepewa tu. Nilikuuliza! Kwa nini hukuniambia?"

Akafikiri. Yeye hufikiri hata akiulizwa saa ngapi.

"Ningekwambiaje kama nilikutaka," akasema, "bila kukwambia kwamba mama alikukataa? Mlikuwa mmeshapendana."

Basi nikalia. Nikalia kwa ile sauti yangu inayosikika mpaka bandarini, mbele ya mama yangu na mama yake, na sikujali. Bi Wadha akadhani nimeumia, akaanza kuniomba radhi upya, mama yangu naye akamwambia anyamaze, kishasema ya kutosha. Saud akanipa kitambaa chake kilichopigwa pasi.

Nilipopata pumzi nikamwambia Mjomba Harub arudishe sindano.

"Kwenye maneno ya Wadha?" akauliza, kwa wasiwasi.

"Hayo yaruke," nikasema. "Niwekee pale pa makelele ya Saud."