Nusu Saa ya Kompyuta Kuu

Saa saba mchana watu thelathini na wanane walikuwa wamejaa kwenye benchi za ofisi yetu ya Butiama, kila mmoja na vyeti vyake kwenye bahasha, na kati ya kompyuta zetu tano ni moja tu iliyokuwa na intaneti. Dirisha la maombi ya vyuo kwa mtandao lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili jioni. Fomu moja huchukua nusu saa. Kwa kompyuta moja, wangepona kumi.

Madam Diana, mkuu wetu, alimpigia Chrispin, fundi anayetuhudumia kutoka Musoma. Chrispin alikuwa Bunda na kazi nyingine. Alisema atafika kesho.

"Kesho aje kufanya nini?" Madam akakata simu, akageukia benchi. "Kumi wa mbele mbaki. Wengine, poleni sana."

Nilikuwa mwanachuo wa mafunzo kwa vitendo, wiki sita tu kazini, na bado nilikuwa naona aibu hata kuomba ufunguo wa kabati. Lakini nilimwona wa mwisho kabisa, Bhoke, binti aliyetoka Kiabakari alfajiri. Hakulalamika. Alikuwa anarudisha vyeti vyake kwenye bahasha, kimoja kimoja, akivinyoosha kona.

"Madam," nikasema, "naomba nusu saa. Na hiyo kompyuta kuu."

Intaneti huingia kwenye kompyuta kuu, nayo huzigawia nyingine nne kupitia swichi, kiboksi kidogo chenye matundu ya waya na vitaa vya kijani. Bila kompyuta kuu nisingejua njia imekatikia wapi.

Silasi, kijana wa kwanza kwenye foleni, alikuwa ameshakalia kiti. "Ee dada mwanachuo! Imebaki moja nzima, na hiyo unataka uiue?"

"Akiiua tunamzika nayo," mtu akadakia, na benchi zima likacheka.

Nikashika mgongo wa kile kiti, sikuuachia.

Madam aliangalia saa, kisha akaniangalia mimi. "Saa saba na nusu, Mbuke. Dakika ikizidi, Silasi anarudi hapo. Silasi, simama."

Nikaanza na nilichokuwa na uhakika nacho. Kompyuta kuu: intaneti ipo. Mpangilio wa kugawa: umewashwa, haujaguswa. Nikaenda kompyuta ya pili. Ilionyesha waya umeshika, lakini haikuwa imepata anwani kutoka kwa kompyuta kuu, kama mtoto aliyeandikishwa shule bila kupewa darasa. Ya tatu vilevile. Ya nne na ya tano, hivyo hivyo. Kompyuta nne haziwezi kuugua ugonjwa mmoja kwa pamoja. Nikachukua waya mwingine, nikaunganisha kompyuta ya pili moja kwa moja na kompyuta kuu, bila kupitia swichi.

Ukurasa ukafunguka.

"Imekubali!" akapiga kelele Silasi, aliyekuwa amesimama begani kwangu. "Sasa ziko mbili. Acha hapo hapo, dada, usiguse tena!"

Mbili zingeokoa watu kumi na wanane. Bhoke alikuwa wa thelathini na nane.

"Nina dakika kumi na moja," nikamwambia, nikachomoa waya ule na kurudisha zile za mwanzo.

Nikapiga magoti mbele ya swichi. Vitaa vyake vyote vilikuwa vinapepesa kwa haraka na kwa pamoja, kama watu wanaogombana. Nikamwita Mzee Mugeta, mhudumu wetu, anayetunza ofisi kuliko nyumba yake.

"Baba, jana wakati wa mvua ulichomoa nyaya?"

"Huwaga nachomoa zote. Radi ya huku wewe unaijua? Kwetu iliangusha ng'ombe saba kwa mpigo mmoja." Akaegemea fagio. "Asubuhi nikarudisha zote. Tena leo nimepanga vizuri, hamna hata mmoja unaoning'inia."

Nikahesabu. Kompyuta tano, lakini vichwa vya waya kwenye swichi vilikuwa saba. Nikachomoa vyote, vitaa vikazimika. Nikarudisha kimoja kimoja, nikisubiri kila mara. Vitano vya kwanza vikapepesa taratibu. Cha sita nacho kikakaa kimya. Nilipochomeka cha saba, ugomvi ukaanza upya. Nikaufuata waya huo kwa vidole nyuma ya meza, ukapita penye nafasi tupu ya kompyuta iliyopelekwa kutengenezwa, ukarudi kwenye swichi ileile. Ncha zote mbili zilikuwa zimechomekwa humo. Ujumbe wowote ulioingia ulizunguka bila mwisho na kuziba njia ya mwingine.

Nikauchomoa, nikauviringisha haraka na kuusukuma chini ya meza.

"Ilikuwa nini?" akauliza Madam.

"Waya mmoja tu, Madam. Zipo zote tano sasa."

Mzee Mugeta aliinama, akautoa waya mbele ya watu wote. "Huu ni mimi. Niliukuta unaning'inia, nikaona ni uchafu." Kisha kwangu, kwa sauti ya chini: "Usinifichie, binti yangu. Nikifichiwa, mvua ijayo nitaurudisha tena."

Nikamwonyesha hapohapo: tundu moja la swichi, kompyuta moja. Akarudia maneno hayo mara mbili, akaenda kupanga watu watano watano.

Kompyuta tano zikigawana intaneti moja, kila ukurasa ulikuja kwa kujivuta. Silasi alimaliza, lakini hakuondoka. Alikaa akiwasomea wengine namba za vyeti. Hakuna aliyekwenda kula.

Bhoke alikaa saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Aliandika kwa kidole kimoja, nami nikakaa pembeni, mikono mapajani, nisimharakishe. Saa kumi na mbili kasoro dakika nne akabonyeza kutuma. Kioo kikabaki cheupe.

"Ombi limepokelewa," akasoma. Akasoma tena, kwa sauti, kisha akanipa kiganja nimwandikie namba ya ombi.